Kompyuta mpakato ya kukagulia mitandao: RAM na matundu kwanza, kadi ya michoro mwisho

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nipo Mwanza, nimemaliza diploma ya TEHAMA na nimeanza kupata vibarua vya kukagua usalama wa mitandao: SACCOS mbili, shule moja na hoteli moja. Nina Sh 2,000,000. Dukani nimeonyeshwa mashine tatu. Ya kwanza ni laptopu ya gemu yenye kadi ya RTX ya GB 4 na RAM GB 8, inamaliza hela yote. Ya pili ni MacBook Air M1 iliyotumika, RAM GB 8, Sh 1,600,000. Ya tatu ni ThinkPad T480 iliyotumika, Core i5, RAM GB 8, Sh 750,000. Muuzaji anasema bila kadi ya michoro kazi ya usalama wa mtandao haifanyiki. Natembea na boda na daladala, na umeme kwetu una tabia ya kukatika. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba. Chukua T480, lakini usiishie hapo, maana ilivyo sasa na GB 8 itakukwamisha kabla mwezi haujaisha. Itabaki Sh 1,250,000, na hiyo ndiyo itakayoigeuza kuwa mashine ya kazi. Nitakueleza iende wapi. Kwanza tumalizane na huyo muuzaji.

Kadi ya michoro ina kazi moja tu ya maana katika fani yako: kubahatisha nywila kwa kasi baada ya kupata heshi yake (alama iliyokokotolewa kutoka kwenye nywila, isiyoweza kugeuzwa nyuma). Chukua Wi-Fi yenye ulinzi wa WPA2. Kila nywila unayoijaribu hupitishwa mara 4,096 kwenye hesabu ya HMAC-SHA1 kabla hujajua kama ndiyo yenyewe, na imefanywa hivyo makusudi ili kubahatisha kuwe kuzito. Prosesa ya kompyuta mpakato hujaribu elfu chache kwa sekunde, tuseme 5,000. Kadi kama GTX 1080 hufika karibu 400,000. Sasa tuseme nywila ya hoteli ni tarakimu nane tupu, mfano namba ya simu isiyo na 07 ya mbele. Michanganyiko yake yote ni 100,000,000. Kadi itaimaliza kwa dakika nne na kidogo, prosesa kwa saa tano na nusu. Tofauti ni kubwa, lakini saa tano na nusu ni usiku mmoja wewe umelala. Sasa geuza: nywila ni herufi ndogo na tarakimu zilizochanganywa ovyo, jumla kumi. Kadi hiyohiyo ingehitaji karibu miaka 290. Kati ya nywila dhaifu ambayo hata prosesa inaiangusha na nywila imara ambayo hata kadi haiigusi, limebaki eneo jembamba ambalo kadi ndiyo inayoamua. Ukikutana nalo, kodi seva yenye kadi kwa saa chache, au uwe na kompyuta ya mezani nyumbani. Ila heshi ya mteja ni mali ya mteja. Kuipeleka kwenye seva ya watu wengine kunahitaji ruhusa yake ya maandishi.

Mashine ya gemu ina mazuri yake: kwa kawaida ina nafasi za kuongeza RAM, tundu la kebo ya mtandao na feni za nguvu. Lakini huwa na kilo 2.2 hadi 2.6, chaja yake ni tofali la wati 180 au zaidi, na betri yake haikufikishi mchana. Chaja ya wati 180 haiwashwi na inveta ndogo ya gari wala pawabenki. Kwa mtu wa boda na umeme wa kubahatisha, hapo pekee panatosha kuikataa.

MacBook Air M1 ni mashine nzuri ya kuandikia ripoti, kilo 1.29, na betri yake inadumu. Tatizo lake ni uzao wa prosesa. Ni ARM, na maabara karibu yote ya fani hii imejengwa kwa x86, yaani prosesa za Intel na AMD: Windows Server ya kawaida, Metasploitable 2 (mashine ya mazoezi yenye udhaifu wa makusudi), mashine nyingi za mazoezi unazopakua. Kali (Linux iliyoandaliwa kwa wakaguzi wa usalama) ya ARM ipo na inakwenda vizuri, lakini ukitaka kuwasha mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine) ya x86 inabidi prosesa iigize kila amri kwa programu kama UTM, na mwendo unakuwa wa kinyonga. Halafu RAM yake imeunganishwa moja kwa moja na prosesa. GB 8 ulizonunua ndizo utakazozikwa nazo.

Hapo kwenye RAM ndipo kazi hii inapoamuliwa. Kabla hujagusa mtandao wa SACCOS inabidi ujenge mfano wake mezani kwako, uujaribu, uuharibu, uujenge upya, na mfano huo ni mashine pepe kadhaa zinazowaka kwa pamoja. Piga hesabu ya maabara ndogo kabisa ya Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji na kompyuta za ofisi. Mfumo mama wa Linux na kivinjari chake, GB 4. Kali, GB 4. Windows Server inayosimamia domeni, GB 4. Windows 11 ya mtumiaji wa kawaida, GB 4. GB 16 zimekwisha, na bado hujawasha OPNsense (ukuta wa moto, yaani firewall) ya kukaa katikati, ambayo nayo inataka GB 2. RAM inapopungua mashine haikwambii kwamba imeshindwa. Huanza kuazima nafasi kwenye diski, domeni inajibu kwa kuchelewa, skana inasema seva haipo, na wewe unahangaika kutafuta kosa kwenye mtandao ambako halipo. GB 8 ni za kujifunzia amri. GB 16 zinaanzisha kazi. GB 32 ndizo zinazokuacha ufanye kazi bila kuzima kimoja ili uwashe kingine, na ndizo ninazokushauri.

T480 ina nafasi mbili za RAM aina ya DDR4 SODIMM. Karatasi za kiwanda zinasema mwisho GB 32, ingawa hupokea hata GB 64. Nunua vipande viwili vya GB 16. Vikiwa vya kasi ya 2666 au 3200 vitakubali, vitashuka tu na kwenda kwa 2400 ya mashine. Kabla ya kufungua kifuniko cha chini, ingia BIOS (mipangilio ya awali ya mashine) kwa F1, nenda Config, kisha Power, chagua Disable Built-in Battery, halafu chomoa na betri ya nje. Mafundi wengi huruka hatua hii kwa sababu "imezima tayari", kumbe betri ya ndani bado inapeleka umeme kwenye bodi. Ukiwasha mara ya kwanza baada ya kubadilisha RAM, kioo kinaweza kubaki cheusi kwa muda mashine ikijipima, isubiri. Kisha endesha Memtest86+, programu ya kupima RAM, angalau mzunguko mmoja kamili. Kosa moja tu likitokea, rudisha kipande.

Kama T480 hiyo itakuwa imeuzwa utakaporudi, tafuta HP EliteBook 840 G5 au Dell Latitude 7490. Zote mbili zina nafasi mbili za RAM na tundu la kebo ya mtandao. Kwenye EliteBook kuwa macho na zile zenye kioo cha faragha. Kioo kinafifia ukiketi pembeni kidogo, na mteja unayetaka kumwonyesha kosa haoni kitu. Jihadhari na herufi ndogo ya "s" kwenye ThinkPad: T490s na T14s RAM yake imelehemiwa yote, kama ilivyo X280 na X1 Carbon. T490 na T14 za kwanza zina kipande kimoja kilicholehemiwa na nafasi moja tu ya kuongeza.

Kuhusu prosesa, usidanganywe na "i7". Core i7-6600U na i7-7600U zina koo (cores) mbili tu. I5-8250U ina nne. Ni kizazi cha nane ndicho kilichoongeza koo mara mbili kwenye mashine hizi nyembamba, na ndicho pia kizazi cha kwanza cha Intel kinachokubaliwa rasmi na Windows 11. Hilo si dogo sasa, maana Microsoft walifunga masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Washa Linux ya flashi uandike `lscpu`. Ukiona CPU(s) ni 8, sawa. Ukiona 4, mwachie muuzaji i7 yake.

Diski isipungue GB 512, na kama hela inaruhusu weka TB 1 ya NVMe. Windows 11 peke yake inadai GB 64, Windows Server GB 32, Kali angalau 20, na kila snapshoti (nakala ya hali ya mashine pepe) unayohifadhi inaongeza. Kwa T480 angalia kwanza ilikuja na kishikizi kipi ndani, cha SATA ya inchi 2.5 au cha M.2, maana kishikizi na kebo yake ndivyo vinavyoamua ununue diski gani.

Sasa Wi-Fi, mahali ambapo hela nyingi hupotea. Jambo la kwanza ambalo wanaoanza hawaambiwi: Kali ikiwa ndani ya mashine pepe haiioni kadi ya Wi-Fi ya kompyuta yako. Inaona kebo ya bandia tu. Unaweza kuandika `airmon-ng`, amri ya kuandaa kadi ya Wi-Fi kwa ukaguzi, mpaka uchoke, orodha itakuwa tupu, na tatizo si Kali wala kadi. Ili mashine pepe ipate Wi-Fi ya kweli, ni lazima uipe adapta ya USB. Na hata ukiwasha Linux moja kwa moja, kadi za Intel zilizomo kwenye mashine hizi husikiliza vizuri kwa modi ya monita (kunasa pakiti zote zilizo hewani), ila kwenye kurusha pakiti hazitabiriki.

Usinunue adapta kwa jina la nje, nunua chipu. Mfano maarufu wa mtego ni TP-Link TL-WN722N. Toleo la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, iliyokuwa kipenzi cha fani nzima. Toleo la pili na la tatu, kwa boksi lilelile na namba ileile, likaja na Realtek RTL8188EUS, ambayo kwa draiva yake ya kawaida haikupi ulichofuata. Chomeka, andika `lsusb`: ukiona 0cf3:9271 ni Atheros, ukiona 2357:010c ni hiyo nyingine. Lakini hata AR9271 leo haitoshi, kwa kuwa haijui chochote nje ya GHz 2.4, na hoteli yako bila shaka ina GHz 5.

Chaguo langu kwa kazi ya sasa ni adapta yenye MediaTek MT7612U, mfano Alfa AWUS036ACM. Inashika GHz 2.4 na 5, na draiva yake imo ndani ya kerneli, yaani moyo wa Linux, tangu 4.19, kwa hiyo unachomeka na inafanya kazi. Kwenye `lsusb` hujitambulisha kama 0e8d:7612. Ukihitaji GHz 6, kuna MT7921AU iliyomo kwenye AWUS036AXML, inayotaka kerneli 5.18 au mpya zaidi. Alfa AWUS036ACH yenye RTL8812AU inasifiwa sana kwa kufika mbali, na sifa hizo ni za kweli, lakini katika Kali draiva yake kwa miaka mingi ilikuja kama kifurushi cha pembeni, `realtek-rtl88xxau-dkms`, kinachojengwa upya kila kerneli inapobadilika; ni kerneli mpya, kuanzia 6.14, ndizo zenye draiva yake ndani. Ukitumia kifurushi hicho na kusasisha Kali usiku wa kuamkia kazi, asubuhi adapta inaweza kuwa pambo. Tena moduli hizo za kujengwa hazipakiwi Secure Boot (kinga inayokataa programu zisizosainiwa wakati wa kuwasha) ikiwa imewashwa, mpaka uzisaini mwenyewe. Na inakula umeme mwingi: ikichomekwa kwenye kebo ndefu au habu isiyo na umeme wake, inakatika katikati ya kazi. Fungua dirisha la pembeni uache `dmesg -w` ikitiririka. Ukiona USB inaondoka na kurudi, badilisha kebo kabla ya kulaumu programu.

Ukishaipata, ijaribu nyumbani kwa ruta yako mwenyewe. `iw list`, utafute neno monitor chini ya Supported interface modes. `airmon-ng check kill`, ambayo huzima NetworkManager ili isikuvurugie chaneli. Ndiyo, intaneti itakatika, na inarudi kwa `systemctl start NetworkManager`. Kisha `airmon-ng start wlan0`, halafu `aireplay-ng --test` ukiipa jina la kiolesura kilichotokea. Unatafuta sentensi "Injection is working!". Ikikubali kwenye GHz 2.4 na kukataa kwenye 5, tazama `iw list` tena: chaneli zilizoandikwa "no IR" zinaruhusu kusikiliza tu, si kutuma, na hilo linatokana na mpangilio wa nchi, si ubovu wa adapta. Vilevile ukijaribu kuwatoa watumiaji kwenye mtandao wa WPA3 na hawatoki, adapta ni nzima. WPA3 inalazimisha ulinzi wa fremu za usimamizi, na pakiti zako bandia zinatupwa. Hiyo iandike kwenye ripoti kama jambo zuri la mteja.

Mwenye kuifanya kazi hii siku hadi siku anatumia kebo kuliko Wi-Fi. T480 ina tundu la RJ45 la gigabiti moja lenye chipu ya Intel, na ndiyo sababu moja kubwa ya kuipendekeza. Kwenye Linux utaliona kwa jina kama enp0s31f6. Faida ya Intel na Linux pamoja ni kwamba lebo za VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi moja) unaziona zilivyo. Kwenye Windows draiva nyingi huzivua kabla Wireshark, programu ya kusoma pakiti, haijaziona, ukaandika kwamba swichi haina VLAN wakati inazo tano. Ongeza adapta moja ya USB ya kebo yenye RTL8153 au AX88179, ili uwe na miguu miwili: mmoja kwenye mtandao unaokaguliwa, mwingine kwenye wa kupakulia. Ichomeke kwenye USB 3. Kwenye USB 2 itabanwa chini ya megabiti 480.

Ukiombwa kunasa trafiki kutoka tundu kioo (mirror port) la swichi, linalotoa nakala ya trafiki ya tundu jingine, fanya hesabu kabla. Gigabiti moja ikijaa ni MB 125 kwa sekunde, dakika kumi ni GB 75. SSD yoyote inamudu mwendo huo, diski ya kuzunguka haimudu. Kwa kawaida huhitaji maudhui yote, vichwa vya pakiti vinatosha:

`dumpcap -i enp0s31f6 -s 128 -b filesize:500000 -b files:40 -w kazi.pcapng`

Hiyo inabakiza baiti 128 za kila pakiti katika mafaili 40 ya MB 500, na ya zamani yanafutwa yenyewe, kwa hiyo haitavuka GB 20. Kuna kasoro moja ambayo kompyuta yako haiwezi kuigundua: tundu linalokaguliwa likiwa limejaa kwenda na kurudi, hizo ni gigabiti mbili, na waya wako unapitisha moja. Swichi inatupa ziada kimyakimya, na kaunta ya pakiti zilizopotea upande wako inasoma sifuri.

Nunua na kebo ya konsoli, ya kusanidi swichi na ruta moja kwa moja, ya USB kwenda RJ45 yenye chipu ya FTDI. Zile za bei ya kutupa zenye Prolific ya kughushi hukataliwa na draiva ya Windows. Cisco husikiliza kwa kasi ya 9600, MikroTik kwa 115200. Ukiona herufi za ajabu, kasi ndiyo imekosewa. Kwenye Linux jiunge na kundi la dialout (`sudo usermod -aG dialout` na jina lako, toka uingie upya), kisha `screen /dev/ttyUSB0 9600`.

Umeme. T480 ina betri mbili: ya ndani ya Wh 24, na ya nje ya kuchomoa ya Wh 24, 48 au 72. Kwenye lebo ya nje zimeandikwa 61, 61+ na 61++. Unaweza kuchomoa ya nje na kuweka nyingine mashine ikiwa inawaka, kwa kuwa ya ndani inaishikilia. Ukiwa na 24 na 48, jumla ni 72. Mashine yenye mashine pepe mbili zinazofanya kazi hula karibu wati 15, kwa hiyo karibu saa tano betri zikiwa mpya. Za dukani hazitakuwa mpya. Linganisha `energy_full` na `energy_full_design` ndani ya `/sys/class/power_supply/BAT0` na `BAT1`. Chini ya asilimia 60, hesabu bei ya betri kwenye makubaliano yako, tena kabla ya kulipa. Betri za nje zisizo na jina mara nyingi zina lebo ya 72 na moyo wa mdogo wake. Faili hiyohiyo inaweza kumuumbua muuzaji.

Inachaji kwa USB-C ya wati 45 au 65, na hapo pawabenki inaingia kazini. Ya 20,000 mAh ina Wh 74 kwa maandishi, baada ya upotevu hesabu kama 60. Hakikisha kwenye maandishi yake kuna volti 20. Zile zinazoishia volti 9 zitachaji simu na kuiacha kompyuta ikikuangalia.

Dukani nenda na flashi mbili, moja ya Debian au Ubuntu ya kuwashia bila kusakinisha, nyingine ya Memtest86+, pamoja na kebo fupi ya mtandao, na tenga muda wa kutosha. Anza na BIOS. Ikidai nywila ya msimamizi, iache. Kwenye ThinkPad kutoa betri ndogo ya bodi hakuifuti, na "fundi wangu ataitoa" si dhamana. Angalia VT-x na VT-d, zinazohitajika na mashine pepe, ziwashwe, na Computrace au Absolute, ya kufuatilia na kufunga mashine kwa mbali, isiwe imeamilishwa. Mashine hizi nyingi zilitoka maofisini Ulaya na Marekani, na baadhi bado zimesajiliwa kwa kampuni ya zamani: weka upya Windows, iunganishe na intaneti ya simu yako wakati wa usanidi, na ukiona inakukaribisha kwa jina la kampuni, hiyo si yako hata ukilipa. Kisha Linux ya flashi: `smartctl -a /dev/nvme0` usome Percentage Used, na `stress-ng --cpu 8 --timeout 10m` huku ukitazama `sensors`. Joto likipanda mpaka nyuzi 97 na kasi kushuka, inahitaji kusafishwa feni na kubadilishwa pasta ya joto. Ni ukarabati mdogo, lakini ni hoja ya kupunguziwa bei. Jaribu kila tundu la USB, RJ45 na kila kitufe cha kibodi. Kioo kiwe cha 1920 kwa 1080. T480 za 1366 kwa 768 zipo nyingi, na kusoma Wireshark humo ni adhabu.

Muuzaji akikataa usiwashe kwa flashi, ondoka.

Ukishaileta nyumbani, usiifanye Kali iwe mfumo mama. Inasasishwa mfululizo, na siku itakayovunjika ni siku una mteja. Weka Debian au Ubuntu, simba (encrypt) diski nzima kwa LUKS wakati wa usakinishaji, kisha KVM na virt-manager za kuendeshea mashine pepe. Kila mteja na Kali yake, inayotokana na nakala safi, na kazi ikiisha na ripoti ikapokelewa, mashine pepe hiyo inafutwa. Windows ya maabara usiitafutie ufunguo wa mtaani: Microsoft wanatoa ya majaribio, Server siku 180, Windows 11 Enterprise siku 90. Usimbaji wa diski nao usiuone wa hiari. Utabeba nywila na orodha za wanachama wa SACCOS ndani ya daladala, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu wewe kama inavyowahusu wao. Na katika mkoba huohuo ikae barua ya ruhusa iliyosainiwa, yenye anwani za IP, majina ya Wi-Fi na tarehe. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kinachomtenga mkaguzi na mhalifu mwenye adapta ileile ni ruhusa hiyo. Wi-Fi ya duka jirani inayoonekana kwenye orodha yako haimo kwenye barua, kwa hiyo haiguswi.

Mpangilio wa kutumia hiyo Sh 1,250,000 basi: RAM, adapta ya Wi-Fi, diski, kebo ya konsoli na adapta ya RJ45, halafu betri ya nje na pawabenki. Kikibaki chochote, kiwe cha vipuri.

Jambo moja kabla hujafuta Windows iliyokuja nayo. T480 za mwanzo zilitoka na programu ya ndani ya chipu (firmware) ya Thunderbolt, USB-C ya kasi, yenye kasoro: ilikuwa inaandika kwenye kumbukumbu ya chipu yake mpaka inaichosha, na mwisho wake matundu ya USB-C yanaacha kuchaji au kutoa picha. Kwa kuwa mashine hii haina tundu jingine la chaja, huo ni msiba. Lenovo walitoa sasisho la kuitibu. Liweke ukiwa ndani ya Windows, chaja ikiwa imechomekwa na betri zimejaa, usiku ambao umeme umetulia. Hiyo ifanye siku ya kwanza, hata kabla ya kuongeza RAM.